Helikopta za kuondoa miti hatari milimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu kazi inayofanyika katika milima ya Sierra Nevada, Marekani, hasa kwenye vitongoji vinavyozunguka Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada. Huko nyumba zimejengwa katikati ya msitu, milima ina mteremko mkali, na miti iliyokufa imesimama juu ya mapaa ya watu.

Helikopta ndiyo inayokata mti?

Kwa kawaida hapana. Mti hukatwa na mtu aliyesimama chini na msumeno wa mnyororo, kama kawaida, kisha helikopta hubeba magogo. Ichukulie kuwa ni kreni inayoruka. Anayeielewa hivyo ataona upesi kwamba karibu kila uamuzi wa kazi hii unatokana na jambo moja: uzito. Gogo likatwe urefu gani, mafuta yajazwe kiasi gani, kazi ianze saa ngapi, helikopta ipi iletwe, yote yanajibiwa kwa kilo. Na hatari kubwa haiko angani peke yake. Sehemu kubwa inawakabili watu wachache walio chini ya miti mikavu huku upepo wa mapanga ya helikopta ukiitikisa.

Mti hatari ni upi? Kila mti uliokufa?

Hapana. Mti huitwa hatari ukiwa na kasoro na pia ukiwa na kitu cha kuangukia: nyumba, barabara, waya wa umeme, kambi. Mti uliokauka katikati ya msitu usio na njia ni makao ya gogota na bundi, uachwe. Wakaguzi wengi huanza na kila mti ulio karibu na kitu hicho kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wake, kwa sababu mti mkavu ukianguka kilele huvunjika na kurushwa mbele. Mti wa mita 40 basi unakaguliwa ukiwa hata mita 60 kutoka nyumbani, na zaidi kidogo ikiwa nyumba iko chini ya mteremko.

Dalili zinazosomwa ni rangi ya sindano (kijani kufifia, manjano, kahawia nyekundu, halafu mti unabaki mtupu na wa kijivu), unga wa kahawia kwenye nyufa za magome, vidonge vya utomvu shinani, na mahali gogota alipobandua magome akitafuta funza. Uyoga mgumu kama rafu uliojishika chini ya shina ni habari mbaya zaidi: moyo wa mti umeoza, hata kama majani bado ni ya kijani. Baada ya moto wa msitu kuna hatari nyingine isiyoonekana. Mizizi huungua chini ya udongo, mti ukabaki umesimama kwa mazoea tu.

Kwa nini miti mingi hivi imekufa?

Historia yake ni ndefu. Kati ya miaka ya 1860 na 1890 misitu ya Tahoe ilifyekwa sana ili kupata magogo ya kutegemeza mashimo ya migodi ya fedha ya Comstock, kule Virginia City. Msitu ulioota baadaye ukaachwa bila kupunguzwa, na moto mdogo mdogo ambao zamani ungeyaondoa machipukizi ukawa unazimwa kila ulipowaka. Matokeo yake ni miti mingi, myembamba, iliyobanana, ikigombania maji yale yale.

Ukaja ukame wa 2012 hadi 2016. Mti wenye maji ya kutosha hujilinda kwa kumwaga utomvu unaomsukuma nje mbawakawa anayetoboa gome. Mti wenye kiu hauna utomvu wa kumwaga. Mwezi Desemba 2017 Idara ya Misitu ya Marekani ilitangaza kwamba miti milioni 129 ilikuwa imekufa California tangu 2010. Ukaguzi wa angani wa 2022 ukahesabu mingine milioni 36.3, na safari hii wengi wa marehemu walikuwa firi, jamaa wa msonobari mwenye gome la kijivu. Kwa mkazi, tofauti hii si ndogo. Firi aliyekufa huoza haraka kuliko msonobari, na mara nyingi huvunjika katikati ya shina kabla hata mizizi haijalegea.

Halafu kuna moto wenyewe. Angora, Juni 2007, uliteketeza nyumba 254 karibu na South Lake Tahoe. Caldor, ulioanza Agosti 14, 2021, ulivuka kilele cha Echo, ukalazimisha mji mzima wa South Lake Tahoe kuhamishwa, na ukaunguza takriban hekta 89,800.

Kwa nini wasitumie trekta au kreni ya kawaida? Si ni rahisi zaidi?

Ni rahisi zaidi, na pale inapowezekana ndiyo itumike. Kreni iliyosimama barabarani inaweza kunyanyua mti juu ya paa la nyumba na kuuweka kwenye lori kwa gharama ndogo kuliko helikopta. Ila mkono wa kreni una mwisho, na mti ulio mita 150 juu ya barabara hauufikii.

Trekta linaishia kwenye mteremko. Katika bonde la Tahoe mashine za kuvuta magogo kwa ujumla haziruhusiwi kwenye mteremko unaozidi asilimia 30, yaani kupanda mita 3 kwa kila mita 10 za kwenda mbele. Udongo wa huko ni mchanga wa matale. Ukikwaruzwa, mvua na theluji inayoyeyuka huuteremsha ziwani, na uangavu wa ziwa hilo ni jambo linalolindwa kwa sheria za majimbo mawili. Njia ya tatu ni kamba ya chuma inayotandazwa kutoka mnara wa winchi. Inafaa sana milimani, lakini huhitaji barabara juu au chini ya mteremko na ushoroba ulionyooka. Ukipita katikati ya mtaa wa nyumba, ushoroba huo utaupata wapi?

Helikopta gani hutumika?

Hutegemea ukubwa wa miti. Hizi ndizo zinazoonekana mara nyingi, na uwezo wake wa kunyanyua usawa wa bahari:

- Bell UH-1H au 205: chini kidogo ya tani 2. Hufaa magogo mafupi, vilele na marundo ya matawi.
- Kaman K-MAX: kilo 2,722. Ina kiti kimoja na mapanga mawili yanayopishana, imebuniwa kwa kazi ya kunyanyua tu, na hunywa mafuta kidogo kwa kila tani inayobeba.
- Boeing Vertol 107: kama tani 5.
- Sikorsky S-64, ile yenye umbo la panzi: tani 9 hadi 11 kulingana na toleo.
- Chinook: kama tani 12.

Kazi ya kubeba magogo kwa helikopta kibiashara ilianza California hiyo hiyo, katika Msitu wa Taifa wa Plumas, mwaka 1971. Kubwa si lazima ndiyo bora. S-64 hunywa takriban lita 2,000 kwa saa, na upepo wa panga lake lenye kipenyo cha mita 22 unaweza kuangusha matawi makavu ambayo hakuna aliyepanga kuyaangusha. Karibu na nyumba, ndogo inayokwenda mara nyingi kwa kawaida inashinda.

Uwezo huo unapungua milimani?

Sana. Uso wa Ziwa Tahoe uko mita 1,897 juu ya bahari, na kazi hufanyika juu zaidi ya hapo. Hewa ikiwa nyepesi, mapanga hushika kidogo na injini hupumua kidogo. Joto huongeza tatizo: siku ya nyuzi 27 za Selsiasi, hewa ya kando ya ziwa huwa nyepesi kana kwamba uko mita 2,800. Ndiyo maana ndege huanza mapema asubuhi, na ndiyo maana mzigo wa saa saba mchana ni mdogo kuliko wa saa moja asubuhi, kwa rubani yule yule na mashine ile ile.

Mafuta nayo ni mzigo. Helikopta ya magogo haijazwi tangi. Huwekewa mafuta ya kama saa moja na akiba yake, kisha hurudi kujaza. Vertol 107 ikiunguza karibu lita 680 kwa saa, hupungukiwa zaidi ya nusu tani ndani ya saa hiyo. Wafungaji wazuri, yaani watu walio chini wanaofunga magogo kwenye kamba ya helikopta, hulijua hilo: magogo mepesi hupandishwa kwanza, mazito huwekwa kwa dakika za mwisho kabla ya kujaza tena.

Uzito wa gogo unajulikanaje kabla ya kulinyanyua?

Kwa futi ya kupimia na hesabu fupi. Kipenyo cha katikati ya gogo kwa mita, zidisha kwa chenyewe, zidisha 0.785, zidisha urefu: unapata mita za ujazo. Gogo la sentimita 60 lenye urefu wa mita 10 lina mita za ujazo 2.8. Msonobari mbichi una uzito wa kilo 700 hadi 800 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo gogo hilo ni kama tani 2.1. Likiwa limekauka likiwa limesimama kwa miaka miwili, kadiria kilo 450 kwa mita ya ujazo, na gogo hilo hilo linakuwa tani 1.3.

Tofauti hiyo ndiyo mtego. Mti mmoja unaweza kuwa mkavu juu na bado umeloa chini, na gogo la kwanza kutoka kisikini ndilo humshangaza rubani. Likiwa limelala kwenye theluji au bwawa la mvua huongezeka tena. Kwa sababu hiyo mkataji hukata gogo la chini fupi kuliko hesabu inavyomruhusu. Mti mzima wa msonobari mbichi wenye kipenyo cha sentimita 90 kwenye usawa wa kifua cha mtu na urefu wa mita 40 unaweza kufika tani 6 au 7 bila matawi, kwa hiyo K-MAX itauchukua kwa vipande vitatu au vinne. Rubani ana kipima uzito mbele yake kinachosoma mzigo papo hapo. Kikizidi, analishusha gogo pale pale lilipokuwa, wafungaji wanaondoka, mkataji anaitwa kulipunguza.

Siku ya kazi inakwendaje?

Miti huangushwa siku kadhaa kabla helikopta haijafika, kwa sababu helikopta inayosubiri inakula pesa. Wakataji hufanya kazi wakitengana: sheria ya usalama kazini ya Marekani inataka angalau urefu wa miti miwili kati ya mkataji na mtu mwingine, basi mti wa mita 40 unafukuza watu mita 80. Magogo hupogolewa, hukatwa kwa uzito, na hulazwa ili ncha moja ifikike.

Asubuhi ya kuruka, wafungaji wawili wawili huingia msituni na vitanzi vya waya wa chuma, unene wa milimita 13 hadi 16. Kitanzi hupitishwa chini ya gogo na kukazwa hatua moja kutoka nchani. Hapa pana jambo dogo lenye matokeo makubwa. Gome la mti ulioliwa na mbawakawa limeachana na mbao. Ukikaza kitanzi juu yake, gogo litachomoka likiwa hewani na gome litabaki kwenye waya. Dawa yake ni kubandua gome kwa shoka pale waya utakapokaa, mpaka mbao ionekane. Kazi ya nusu dakika, na ndiyo wanayoiruka watu waliochoka.

Helikopta huja na kamba ndefu chini yake, mara nyingi mita 60 hivi, ili mapanga yabaki juu ya vilele na upepo wake upungue ukifika chini. Mwishoni kuna ndoano ya umeme inayofunguliwa na rubani kwa kitufe. Mfungaji haigusi ndoano hiyo mpaka iwe imegusa ardhi au gogo, kwa sababu helikopta hukusanya umeme tuli hewani na mtu wa kwanza kuishika ndiye huupokea. Anaingiza pete za vitanzi, anaondoka kwa kupanda juu ya mteremko au kukaa pembeni, kamwe si chini ya mzigo, kisha anasema kwenye redio kwamba yuko salama. Hapo ndipo rubani, anayechungulia chini kupitia dirisha lililobonyea nje, huvuta taratibu mpaka kamba inyooke wima.

Safari nzima, kwenda na kurudi, ichukue dakika mbili au tatu. Hii inawezekana kiwanja cha magogo kikiwa ndani ya kilomita moja au moja na nusu, na kikiwa chini ya msitu badala ya juu. Kiwanjani mfunguaji husubiri magogo yatulie, huchomoa vitanzi, na mashine yenye kucha huyapanga. Vitanzi vilivyorundikana hurudishwa msituni kwa fungu moja. Mafuta na matengenezo huwa kwenye kiwanja kingine kabisa. Kuchanganya lori la mafuta na magogo yanayoshuka ni kutafuta balaa.

Nini huharibika, na kwa nini?

Kinachoua zaidi msituni ni tawi au kilele kikavu kinachoning'inia juu ya mfungaji. Upepo wa mapanga hukipa msukumo wa mwisho. Kabla ya kuruka, kila eneo la kufungia hupitiwa na mtu anayeangalia juu, na miti mikavu iliyosimama ndani ya eneo hilo huangushwa kwanza, hata kama haikuwa kwenye orodha. Mkandarasi anayesema hatua hii inapoteza muda, usimpe kazi.

Gogo linaweza kuwa limekwama chini ya jingine, au limegandishwa na barafu. Rubani anavuta, kipima uzito kinapanda ghafla, na gogo likichomoka kamba hurudi juu kama mpira. Kanuni ni kuvuta polepole na kuachilia mapema. Kuna pia kuyumba: mzigo mrefu na mwepesi, hasa kilele chenye matawi, hushika upepo na kuzunguka. Mwendo hupunguzwa, au matawi hukatwa.

Rubani akishuka haraka mno kwa wima anaweza kuzama katika upepo wa mapanga yake mwenyewe, na kuongeza nguvu ya injini hakumtoi. Anahitaji kusogea mbele au pembeni, jambo gumu akiwa na kamba katikati ya miti. Vumbi la kiwanja huziba macho, kwa hiyo kiwanja humwagiwa maji. Redio ikifa, kazi inasimama. Ishara za mikono zipo, lakini kwa kamba ya mita 60 hazifai kutegemewa.

Mashine yenyewe huchoka kwa namna ambayo ndege ya abiria haichoki. Safari 20 hadi 30 kwa saa ni idadi hiyo hiyo ya kunyanyua kwa nguvu nyingi na kuachia. Vipuri vingi huhesabiwa umri kwa idadi ya mizigo badala ya saa peke yake, na mafundi hufanya kazi usiku ili ndege iruke alfajiri.

Je, helikopta inaweza kung'oa mti uliosimama?

Kung'oa na mizizi, hapana. Kuna mbinu iliyokuzwa British Columbia, Kanada, tangu miaka ya 1990: mpandaji huondoa matawi na kilele, shina hukatwa karibu lote na kuachiwa mbao kidogo ya kulishikilia, kisha helikopta hulikamata kwa kucha na kulivunja likiwa wima. Inafaa miti mizima yenye thamani. Mti uliokufa na kuoza haupandwi na mtu, na shina lake halitabiriki pale linapovunjwa, kwa hiyo kwenye miti hatari mbinu hii ina nafasi ndogo.

Na ule msumeno mrefu unaoning'inia chini ya helikopta?

Huo ni wa kupogoa. Ni safu ya visahani vya msumeno, mara nyingi kumi, kwenye nguzo ndefu chini ya helikopta ndogo. Hupita kando ya njia ya umeme na kukata matawi upande mmoja. Hauondoi mti, na matawi yote huanguka chini, kwa hiyo si wa kutumiwa juu ya ua wa mtu.

Nyaya za umeme zinazimwa?

Kampuni ya umeme huamua kwa kila kipande cha waya. Pale mti unapoweza kuangukia waya wakati wa kukatwa, au kamba ya helikopta inapoweza kuukaribia, umeme huzimwa na waya huunganishwa na ardhi. Mkazi hupewa taarifa kabla. Mwenye mashine ya kupumulia nyumbani awaambie kampuni mapema, asingoje siku yenyewe. Sheria ya California, kwa kumbukumbu, inataka matawi yawe mbali na waya wa volti 2,400 hadi 72,000 kwa futi 4, yaani mita 1.2 hivi, na futi 10, kama mita 3, kuanzia volti 110,000. Ila mti mkavu ulio nje ya kipimo hicho na wenye uwezo wa kuufikia waya ukianguka bado ni hatari na huondolewa.

Helikopta itapita na gogo juu ya nyumba yangu?

Isipite. Kubeba mzigo unaoning'inia kunaongozwa na Sehemu ya 133 ya kanuni za anga za Marekani. Penye makazi, mwendeshaji lazima awe na mpango ulioidhinishwa na mamlaka ya anga, uliopatanishwa na viongozi wa eneo, unaoonyesha njia ya kuruka na namna ya kuzuia watu wasiohusika. Mzigo ni wa aina inayoweza kuachiliwa, na rubani mwenye shida ataachilia. Ardhi iliyo chini ya njia hiyo lazima iwe tupu. Helikopta zenye injini moja, kama K-MAX, zinahitaji njia yenye nafasi ya kutua kwa dharura pia.

Ikiwa hakuna njia inayokwepa nyumba fulani, wakazi huombwa kuondoka kwa saa za kazi, kisha hurudi. Barabara hufungwa kwa dakika chache chache, mzigo upite, magari yaruhusiwe.

Nifanye nini kabla ya siku hiyo?

Ondoa au funga kila kitu chepesi nje: miavuli ya bustani, maturubai, trampolini, mapipa ya taka, bati lililolegea kwenye banda la kuni. Funga madirisha. Gari lisiachwe chini ya mti wowote mkavu. Mbwa na farasi wapelekwe mbali, kwa sababu sauti huwatia kiwewe kuliko watu. Sindano za msonobari zilizorundikana juu ya paa na kwenye mifereji zifagiliwe; zisipofagiliwa zitaingia kila mahali.

Na usirushe droni. Rubani akiona droni, kazi inasimama mpaka iondoke, na muda huo unalipiwa.

Ukanda na utepe kwenye miti maana yake nini?

Ni alama za kazi, na maana ya kila rangi hutofautiana kwa kila mradi. Usibandue wala kuongeza. Kama hukubaliani na alama kwenye kiwanja chako, mpigie simu msimamizi kabla wakataji hawajafika.

Kwa nini wanaacha kufanya kazi siku nzuri, yenye jua?

Mara nyingi ni upepo. Tahoe majira ya joto hupata upepo wa mchana kutoka magharibi, na kinachosumbua zaidi ni mivumo ya ghafla kuliko upepo wa sawasawa. Wakati mwingine ni hatari ya moto: ukavu ukipanda, misumeno ya mnyororo husimamishwa mchana au siku nzima, hata kama helikopta ina uwezo wa kuruka.

Kuna pia ndege wa msituni. Karibu na kiota cha bundi madoa wa California kazi huzuiwa kuanzia Machi 1 hadi Agosti 15. Karibu na kiota cha kipanga mkubwa wa misitu hiyo, Februari 15 hadi Septemba 15. Ongeza theluji ya baridi, na utaona kwa nini mradi unaonekana kusuasua. Majira halisi ya kazi, kwenye baadhi ya vipande, ni wiki chache za vuli.

Inagharimu kiasi gani, na nani analipa?

Helikopta za kazi hii hukodishwa kwa maelfu ya dola kwa saa, bila wakataji, viwanja, malori wala kumwaga maji. Mbao za mti uliokufa hazilipi gharama hiyo. Kwenye ardhi ya Msitu wa Taifa hulipa serikali. Kando ya njia za umeme hulipa kampuni ya umeme, ambayo huirudisha kwenye bili za wateja. Kwenye kiwanja chako hulipa wewe, isipokuwa kuna ruzuku. Majirani kumi wenye miti mitatu mitatu wakipanga kazi kwa pamoja hugawana gharama ya kuileta helikopta na kuandaa kiwanja cha magogo, ambayo ni ile ile kwa mti mmoja au thelathini. Kumwita rubani kwa mti mmoja ni anasa.

Magogo yanakwenda wapi? Naweza kuchukua kuni?

Yaliyo mazima huenda kiwanda cha mbao. Mbawakawa huleta kuvu inayotia mbao rangi ya buluu. Haipunguzi nguvu ya mbao kwa kiasi cha kutisha, lakini bei inaanguka, na baada ya mwaka mmoja au miwili nyufa humaliza kilichobaki. Mengine husagwa kuwa chipsi za kuzalisha umeme.

Kuni kutoka Msitu wa Taifa huhitaji kibali, na kiwanja cha magogo hakiingiwi kazi ikiendelea. Ukizipata, zichome hapo hapo karibu. Kuni zenye magome zikisafirishwa mbali husafirisha wadudu pia.

Matawi na visiki vinaachwa?

Matawi yakiachwa chini, umebadilisha tu moto wa juu kuwa moto wa chini. Hurundikwa na kuchomwa wakati wa theluji, au husagwa, au hubebwa pamoja na vilele na helikopta ndogo. Marundo hukaa mwaka au zaidi yakikauka, na wakazi hulalamika kwa haki kwamba yanaonekana kama uzembe. Uliza tarehe ya kuchoma kabla ya mkataba kusainiwa.

Visiki hubaki, kwa sababu vinashika udongo. Pale mti mbichi ulipokatwa, kisiki hupakwa chumvi ya boraksi ndani ya siku moja ili kuvu ya kuozesha mizizi isiingie kwenye jeraha na kupita kwa mizizi hadi miti ya jirani.

Baada ya yote haya, nyumba yangu iko salama dhidi ya moto?

Iko salama zaidi dhidi ya mti kuangukia paa, na wazimamoto wanaweza kufanya kazi barabarani bila kuogopa miti mikavu. Moto wa nyumba ni habari nyingine. Nyumba nyingi milimani huwashwa na makaa yanayorushwa na upepo, yanayotua kwenye mifereji yenye sindano, chini ya roshani ya mbao au kwenye tundu la hewa la dari. Sheria ya California inataka mwenye nyumba asafishe mita 30 kuizunguka, ndani ya mipaka ya kiwanja chake. Anza na mita 1.5 za kwanza kutoka ukutani: ondoa kuni, vichaka, maganda ya mbao ya bustani na mkeka wa mlangoni, weka kokoto. Kwenye matundu ya hewa funga wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 au chini ya hapo.